Tsang kwa Nyumba Iliyofiwa

Taipei, Jumamosi, 28 Mei 1988

Bun-piau,

Mama alifariki tarehe 9 Machi, alfajiri. Nimeambiwa leo asubuhi na Sista Lo, msimamizi wa nyumba ya wazee ya watawa kule Chiayi. Nilimpigia kuuliza kama Mama sasa anaruhusiwa wageni. Akasema, "Mama gani, binti? Tulimfumba macho sisi wenyewe, na mwanawe alikuwepo."

Nilimtajia jina lake kamili, Kho Tsiu-kiok, jina la Baba, na kitanda cha karibu na dirisha. Vyote ni yeye. Kisha nikakupigia wewe. Ulikata simu niliposema "Sista Lo". Mara ya pili alipokea mkeo, akasema umekwenda kununua majani ya kufungia. Ndiyo maana naandika.

Haya ndiyo ninayoyajua. Mwili ulichomwa tarehe 11 Machi. Hakukusomwa sala yoyote. Hakuna karatasi ya msiba iliyobandikwa mlangoni. Mjomba Tik-ong, ambaye ndiye mwenye haki ya kumwona dada yake kabla jeneza halijafungwa, hakuitwa. Nimempigia leo mchana, na ameniuliza kama dada yake bado anakohoa.

Tarehe 20 Machi uliniandikia kwamba kikohozi kinamchosha Mama na hataki wageni mpaka sikukuu ipite. Tarehe 17 Aprili uliniandikia kwamba amenenepa. Amenenepa. Hiyo barua iko mbele yangu.

Sababu naijua. Nyumba iliyofiwa haifungi tsang, wali wa kunata ndani ya majani ya mianzi, mpaka mwaka uishe. Hata mtoto wa chekechea hapo mtaani anajua. Ungebandika ile karatasi, sufuria zako zote za kibandani zingepoa, na Sikukuu ya Mwezi wa Tano kwa kalenda yetu ya zamani, siku ya kula tsang, ni tarehe 18 Juni. Kwa hiyo ukaamua kwamba Mama atakufa sikukuu ikishapita.

Nataka uniambie majivu yako wapi. Nataka ubandike karatasi na ufunge kibanda. Nataka uende mwenyewe kwa Mjomba, upige magoti, umwambie. Mimi sijamwambia, hiyo ni kazi ya mwana. Una wiki moja. Baada ya hapo sitakusihi.

Siok-khim

*

Tainan, 31 Mei 1988

Dada Siok-khim,

Simu ilikatika, sikuikata. Laini za huku zinaharibika mvua ikinyesha.

Sawa, umejua. Sasa tulia unisikilize, usiniandikie kama unaandikia gazeti lako.

Mimi ndiye niliyekuwa naye. Wewe ulikuja siku ya pili ya mwaka mpya na mumeo, ukala, ukaacha maboksi ya keki, ukapanda treni ya jioni. Mimi ndiye niliyemwosha. Huwezi kukaa Taipei miaka ishirini halafu uje kunifundisha jinsi ya kumzika mama niliyelala chumba cha pili naye.

Halafu hiyo desturi. Desturi inasema nyumba iliyofiwa isifunge tsang za kula yenyewe. Haisemi kitu kuhusu biashara. Mimi sili hata moja. Ninachofunga ni cha wateja.

Kiwanda cha viatu kimeagiza. Shule mbili zimeagiza. Wanawake wanne wamekaa jikoni wanafunga tangu asubuhi mpaka vidole vinageuka rangi ya majani. Niwaambie nini? Rudini nyumbani, mama yangu amekufa mwezi wa tatu? Msimu huu ndio mwaka wetu mzima. Ukipita, tarehe 19 nabandika karatasi, naita watawa wa hekalu, napiga ngoma mtaa mzima usikie. Mama atapata msiba mkubwa kuliko wa Baba. Miezi mitatu si kitu kwa mtu ambaye hana haraka tena.

Watu huku wanampenda. Juzi tu Bibi Teh wa duka la ubani alileta kapu la machungwa nimpelekee Mama Chiayi. Nilipokea. Ningefanyaje? Watoto wakayala.

Usije. Nasema kwa wema. Ukija ukalia mbele ya foleni, nitasema umechanganyikiwa na mke wangu Giok-tsu atasema hivyo hivyo. Na majivu, utayaona siku nitakayoamua mimi. Jina lako liko kwenye kitabu cha familia ya mumeo, Lai, siku hizi, si cha kwetu Tan. Kaa huko na huo wali wao wa kukaanga wanaoufunga kwenye majani wakadhani ni tsang.

Bun-piau

*

Taipei, 3 Juni 1988

Bun-piau,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili.

Sitakuja. Sitalia mbele ya foleni. Sitampigia mteja wako hata mmoja.

Umesema jina langu liko kwa familia ya Lai. Ni kweli. Mimi ni binti aliyeolewa, na nitafanya linalompasa binti aliyeolewa, basi. Natumaini hutanizuia katika hilo.

Siok-khim

*

Tainan, 6 Juni 1988

Dada mpendwa,

Barua yako imeniondolea jiwe kifuani. Nilimsomea Giok-tsu, akasema, "Unaona? Dada yako ana akili, ukimwacha apoe." Nami nimepoa. Yale niliyosema juu ya tsang za kaskazini ni utani wa zamani, unajua.

Kukuzuia! Nikuzuie vipi? Kama unataka kulipia sala za Mama, lipia. Kama unataka kutuma ubani, maua, kitu chochote, kitume hapa kwenye kibanda, maana nyumbani hakuna mtu mchana. Chochote utakachotuma nitakipokea kwa mikono miwili. Ndugu tumebaki wawili tu.

Foleni sasa inafika ngazi za hekalu. Mama angeiona angecheka. Jana mtu wa redio alipita akala mbili akiwa amesimama, akasema hajawahi kuonja karanga zilizolainika hivyo. Nilimwambia ni mkono wa Mama. Akasema mwambie mama yako hongera. Nikasema nitamwambia.

Tarehe 19 si mbali. Vumilia.

Mdogo wako,
Bun-piau

*

Tainan, Ijumaa, 10 Juni 1988

Wifi Siok-khim,

Umefurahi? Naandika mimi kwa sababu mume wangu, yaani mdogo wako kabla hajawa wangu, amelala juu ameelekea ukuta na hajibu akiitwa. Nitakuelezea ilivyokuwa. Najua ndicho unachongojea, na ni afadhali ukisome kwangu kuliko kwa wambeya.

Nilikuwa nakata uzi. Foleni ndefu. Akaja mtu na baiskeli ya magurudumu matatu, makapu mawili yamefunikwa kitambaa cheupe. Simjui. Ana sauti ya mnadani.

"Hapa ndipo kwa marehemu Kho Tsiu-kiok?"

Nikamwambia, "Kaka, umepotea. Mama yuko Chiayi anapumzika."

Akatazama karatasi yake. "Sijapotea, shemeji. Kibanda cha tsang mbele ya hekalu, bati la kijani. Ndipo hapa. Tsang kwa nyumba iliyofiwa, zimetoka kwa binti aliyeolewa, Taipei. Nimeambiwa niziache mlangoni nisichukue hata chai."

Akafunua kitambaa. Zilikuwa tsang, wifi. Zimepangwa vizuri, mafundo ya Mama kabisa, uzi umezungushwa mara mbili na kitanzi upande wa kushoto.

Huhitaji nikwambie foleni ile ni watu gani. Hakuna hata mmoja asiyejua kwamba nyumba yenye msiba hufungiwa tsang na binti aliyeolewa, kwa kuwa yenyewe haifungi. Yule mtu hakuhitaji kusema neno jingine. Alipanda baiskeli yake akaenda.

Bibi Teh alikuwa wa tatu. Akasema, "Giok-tsu. Tsiu-kiok amekufa?"

"Bibi, ngoja nikueleze."

"Usinieleze. Amekufa au hajafa?"

Bun-piau akatoka jikoni na mwiko mkononi, mvuke unamfuka mabegani. Akaona makapu. Akasema, "Bibi Teh, mambo ya nyumbani na ya biashara ni mbalimbali."

"Mbalimbali!" Bibi Teh akasema. "Na machungwa yangu yalikwenda upande gani?"

Nyuma mtu akacheka, kile kicheko kibaya. Mwingine akasema, "Mimi nimekula hapa tangu mwezi wa nne. Nimekula mkono wa mtu aliyetoka kufiwa bila kusafishwa." Mama mjamzito aliyekuwa karibu na dirisha akaweka mkono tumboni, akarudi nyuma, kisha akakimbia kabisa. Hapo ndipo walipoanza kurudisha. Walikuja mmoja mmoja wakatundika mafungu yao kwenye misumari ya mlango wetu. Hakuna aliyedai chochote. Ningefurahi wangedai. Ningefurahi wangetukana. Walitundika tu, wakaenda, mpaka mlango ukawa kama mti wa majani makavu.

Wale wanawake wanne wakavua aproni wakaondoka bila kuaga. Kiwanda cha viatu kilipiga simu kabla ya saa nane. Shule hazikupiga hata simu.

Unadhani mdogo wako ni jiwe. Mwezi wa tatu alikuwa analia jikoni na bomba la maji liko wazi ili nisisikie. Nilisikia. Asubuhi alikuwa anaosha mchele kama kawaida.

Ungekuja ukatuzaba vibao ningeelewa. Ungelala chini ukapiga mayowe ningekuvuta nywele, tungemalizana kama watu. Lakini umetuletea chakula! Nimlalamikie nani kwamba wifi yangu ametuletea chakula? Umefanya linalompasa binti, na hata kukulaani siwezi mbele ya watu. Hilo nakiri umelipanga vizuri.

Makapu yako bado yako mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuyaingiza, na hakuna aliyethubutu kuyatupa.

Mama alipo, kwangu hutasikia.

Giok-tsu

*

Chiku, 11 Juni 1988

Kwenu wawili, Bun-piau na Siok-khim,

Mkono wangu mbaya, mtasoma hivyo hivyo. Nimeandika barua mbili zinazofanana, kila mmoja ana yake.

Habari ya kifo cha dada yangu nimeipata leo kwenye mnada wa samaki. Mwanamke anayenunua samaki wa kutengeneza uji pale mbele ya hekalu alinishika mkono akanipa pole. Nikamwuliza, pole ya nini? Mvua haijavunja kingo za mabwawa yangu. Akanitazama kama mimi ndiye maiti. Watu wote wa mnada walikuwa wanajua. Mimi, niliyezaliwa na Tsiu-kiok tumbo moja, niliambiwa nikiwa na ndoo ya barafu mkononi.

Bun-piau. Mama yako alikuwa Kho kabla hajawa Tan. Jeneza la mwanamke halifungwi mpaka ndugu yake wa kiume atazame uso wake aseme alitunzwa au hakutunzwa. Wewe umemchoma kabla sijatazama. Sasa sitajua kamwe kama alikufa ameshiba au ana njaa, na wewe hutakuwa na mtu wa kukusafishia jina hata kama ulimtunza vizuri. Hiyo ndiyo faida ya Mjomba kutazama, mpumbavu wewe. Ilikuwa ni kwa ajili yako.

Siok-khim. Usitabasamu huko. Tarehe 28 Mei ulinipigia simu ukiwa unajua. Ukaniacha nikuulize kama dada yangu anakohoa. Ukanijibu, "Mjomba, nitakuulizia zaidi kwa watu wa Chiayi." Ulitaka nipate habari baadaye, nikiwa nimechemka vizuri, unitumie kumpiga mdogo wako. Umenipata. Nimechemka. Lakini usidhani sikuona mkono wako.

Nimehesabu. Siku ya mia moja ya dada yangu ni Alhamisi, tarehe 16. Siku hiyo nitausimamia msiba huu kama unavyostahili.

Binti anayechelewa kufika kwenye msiba wa mama yake hutambaa kwa magoti kutoka kona ya barabara mpaka mlangoni, analia mtaa usikie. Siok-khim, umechelewa miezi mitatu, utatambaa. Kwa mwana aliyeficha kifo cha mama yake hakuna desturi, kwa sababu wazee hawakufikiri atatokea. Basi naiweka mimi. Bun-piau utatambaa pia, utakuwa mbele, na utatambaa kutoka kona ile ile foleni yako ilikokuwa ikiishia. Sufuria ziwe baridi. Karatasi iwe mlangoni kesho kabla jua halijazama. Mtu anayekuletea barua hii kwa mkono ndiye atakayeitazama.

Mtungi wa majivu nitaubeba mimi. Ukiendelea kuuficha, nitakuja na wanangu wote na watu wa mabwawa, tutakaa mbele ya kibanda chako mpaka utakapokumbuka.

Kho Tik-ong

*

Tainan, Jumapili, 12 Juni 1988

Dada,

Karatasi nimebandika leo saa tatu. Mtu wa Mjomba alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara anakula barafu, akaitazama, akaenda.

Mama yuko kwenye hekalu dogo la watawa wa kike njia ya Guanmiao, ghorofa ya pili, rafu ya mwisho. Mtungi hauna jina. Una namba tu, 212. Mchonga mawe wa karibu ni yule wa mtaani kwetu, Tshua, na ningempa jina la Mama lingefika sokoni kabla hajamaliza kuchonga. Nilisema nitalichonga baada ya sikukuu. Nilikwenda kila Jumapili. Najua hutaniamini, lakini watawa watakwambia.

Nina ombi moja. Mwombe Mjomba asogeze mpaka Jumapili tarehe 19. Anakusikiliza wewe. Kuna watu wa Kaohsiung ambao hawajasikia, wameagiza kwa simu, gari lao linakuja tarehe 17. Siwezi kupika, sawa, nimeelewa, ila ningepata mtu mwingine wa kupika kwa jina lake huko kwake, mimi nikasimamia tu. Ukianza kutambaa Alhamisi, mtaa huu hautanunua kwangu tena hata mwaka ukiisha. Si mimi tu, ni watoto. Si hata kibanda changu, ni kibanda cha Mama.

Makapu tumeyaingiza ndani. Watoto walikuwa na njaa na hakukuwa na kitu kingine cha kula nyumbani ambacho hakijatundikwa mlangoni. Giok-tsu alikula akilia. Mimi nimekula nne.

Umezidisha chumvi. Mama hakutia chumvi hivyo.

Bun-piau

*

Taipei, Jumatatu, 13 Juni 1988, kwa posta ya haraka

Bun-piau,

Barua yako ya jana imefika leo mchana kwa posta ya haraka. Watawa wa Guanmiao nimewapigia. Wamethibitisha namba 212, na wamethibitisha kwamba ulikuwa ukienda Jumapili. Nimeandika yote mawili.

Mjomba sikumwomba na sitamwomba. Watu wa Kaohsiung nimewapigia mwenyewe. Namba yao nilimwomba mkeo, naye alinipa bila kuuliza sababu. Nimewaambia nyumba imefiwa. Hawatatuma gari. Walinipa pole.

Unasema ni kibanda cha Mama. Kwa miezi mitatu kila mtu aliyesimama kwenye foleni hiyo alikuuliza habari za Mama, nawe ulimjibu. Ulikuwa na watu mia kwa siku wa kuomboleza naye. Ukawauzia.

Kuhusu chumvi, nilipima kwa kiganja, kama alivyotufundisha. Viganja vyetu havilingani. Mwaka kesho utafunga mwenyewe, kama kutakuwa na wa kumfungia.

Mjomba amenishtaki kwa haki. Nilijua, nikanyamaza, nikamtumia. Sitajitetea na sitaomba nipunguziwe njia. Nitavaa kaniki na kofia ya gunia, nitaanzia kona. Nitalia, kwa sababu bado sijalia, na sijui nitaanza vipi. Lakini wewe utakuwa mbele yangu. Njia nzima, kutoka kona mpaka mlangoni, nitakuwa natazama nyayo zako, na mtaa mzima utakuwa unatutazama sote wawili. Usiharakishe. Magoti yangu si ya msichana, na nataka tufike kwa mpango.

Mchonga mawe Tshua nimezungumza naye. Atakuwa mlangoni na patasi zake, na atalichonga jina la Mama pale pale, watu wakiona, herufi kwa herufi. Utamshikia mtungi.

Treni yangu inafika Tainan Alhamisi, 16 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Usinipokee stesheni. Mjomba atatoka Guanmiao na mtungi moja kwa moja mpaka kona ya hekalu. Tunaanza kutambaa saa mbili kamili.

Siok-khim